Chakula na Tindikali Mwilini: Mkojo Hubadilika, Damu Haibadiliki

Miongoni mwa maelezo ya afya yanayosambazwa kwa wingi kwenye simu, na mengine kuuzwa pamoja na vitabu, mashine za kuchuja maji na chupa za "maji ya alkali", yapo yanayodai kuwa vyakula vya kila siku huifanya damu iwe na tindikali, na kwamba tindikali hiyo ndiyo chanzo cha saratani, kisukari, maumivu ya viungo na uchovu. Dai hilo limejengwa juu ya jambo moja la kweli na jambo moja la uongo. La kweli ni kwamba chakula hubadilisha kiwango cha tindikali katika mkojo, na mabadiliko hayo huweza kupimwa saa chache baada ya mlo. La uongo ni kwamba mkojo ukibadilika, basi damu nayo imebadilika. Kwa mtu mwenye mapafu na figo zinazofanya kazi, mkojo hubadilika ili damu isibadilike.

Tofauti hiyo si ya kuachiwa wataalamu peke yao. Mgonjwa wa kisukari anayeacha sindano ya insulini kwa kutegemea juisi ya mboga, na mgonjwa wa figo anayeongeza ndizi na madafu kwa kuambiwa kuwa "zinaondoa asidi", wote wawili wanaweza kupoteza maisha kwa kufuata nusu ya ukweli.

Tindikali hupimwaje

Ukali wa tindikali huelezwa kwa kipimo kiitwacho pH, kilichobuniwa mwaka 1909 na mkemia Søren Sørensen katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Denmark, maabara iliyoanzishwa kwa ajili ya utafiti wa utengenezaji wa bia. Kwa kawaida kipimo hicho huanzia 0 hadi 14. Namba 7 ni katikati. Chini yake ni tindikali, na juu yake ni alkali, yaani upande wa magadi na majivu. Kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi, jambo ambalo wengi hulisahau. Mkojo wenye pH 5 una ukali wa tindikali mara 10 kuliko wenye pH 6, na mara 100 kuliko wenye pH 7.

Damu ya mishipa itokayo kwenye moyo hukaa kati ya 7.35 na 7.45, nafasi ndogo mno. Mkojo wa mtu mwenye afya, kwa upande wake, unaweza kuwa popote kati ya 4.5 na 8, na mara nyingi huwa karibu na 6. Tumbo la chakula ni kali zaidi kuliko vyote, kwani maji yake huwa na pH ya kati ya 1.5 na 3.5 bila kuleta madhara yoyote, kwa sababu utando wa tumbo umeumbwa kustahimili hali hiyo. Kwa hiyo kusema tu kwamba "mwili una asidi" hakuna maana mpaka itajwe ni sehemu gani ya mwili inayozungumziwa.

Ulinzi wa damu una ngazi tatu. Ya kwanza imo ndani ya damu yenyewe. Ni bikaboneti na protini ambazo huimeza tindikali papo hapo inapoingia. Ya pili ni mapafu. Kila siku mwili wa mtu mzima huzalisha takriban milimoli 15,000 za hewa ya kabonidioksidi, ambayo ikibaki kwenye damu hugeuka kuwa tindikali; mapafu huitoa kwa pumzi, na tindikali ikizidi mtu huanza kupumua haraka na kwa kina bila kuamua. Ya tatu ni figo, ambazo hushughulika na tindikali isiyoweza kutoka kwa pumzi. Hiyo ndiyo inayotokana na chakula, nayo kwa mtu mzima mwenye mlo wenye protini ya kutosha huwa kati ya milimoli 50 na 100 kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo sana kikilinganishwa na kile cha mapafu. Figo huirudisha bikaboneti kwenye damu, huifunga tindikali kwenye fosfeti na amonia, kisha huitoa kwenye mkojo. Mkojo wenye tindikali, kwa maana hiyo, ni dalili kwamba figo zimefanya kazi yake.

Sungura wa Claude Bernard

Uhusiano wa chakula na mkojo ulielezwa vizuri na mtaalamu wa fiziolojia wa Ufaransa, Claude Bernard, katika kitabu alichokitoa mwaka 1865. Sungura waliletwa kwenye maabara yake kutoka sokoni, naye akaona kuwa mkojo wao ulikuwa safi na wenye tindikali, ilhali mkojo wa wanyama wala majani huwa na ukungu na huwa na alkali. Akakisia kwamba sungura hao walikuwa hawajalishwa kwa muda, hivyo walikuwa wakiishi kwa kuila nyama ya miili yao wenyewe. Aliwapa majani, mkojo ukageuka kuwa wa alkali. Akawafungisha tena, ukarudi kwenye tindikali. Hatimaye akawalisha nyama ya ng'ombe iliyochemshwa, na mkojo ukawa kama wa mnyama mla nyama.

Sababu yake imo katika kile kinachobaki baada ya mwili kukitumia chakula. Protini ya nyama, samaki, mayai na nafaka ina salfa, ambayo mwishowe hugeuka kuwa tindikali ya salfa. Fosforasi nayo huongeza mzigo huo. Matunda, mboga na mizizi vina potasiamu na magnesiamu zilizoungana na tindikali hafifu kama ile ya limau. Mwili huiteketeza tindikali hiyo hafifu kama unavyoteketeza sukari, na kinachobaki ni bikaboneti, ambayo ni alkali.

Wapishi wa Afrika Mashariki waliitumia kemia hiyo muda mrefu kabla haijaandikwa vitabuni. Katika sehemu nyingi maganda ya ndizi au ya maharage hukaushwa na kuchomwa, majivu yake huchujwa kwa maji, na maji hayo hutumika kama magadi ya kulainishia mboga na maharage. Majivu ya mmea ni alkali kwa sababu ya potasiamu iliyomo. Wakemia wa zamani walifanya jambo lilelile maabara. Walikichoma chakula na kupima majivu yake, na ndiyo maana katika vitabu vya kale vyakula viligawanywa kuwa vya "majivu ya tindikali" na vya "majivu ya alkali".

Vyakula katika mizani

Mwaka 1995 watafiti wawili wa Ujerumani, Thomas Remer na Friedrich Manz, walichapisha jedwali linalokadiria mzigo wa tindikali ambao kila gramu 100 za chakula huziletea figo. Hesabu yao hujumlisha protini na fosforasi, kisha hutoa potasiamu, magnesiamu na kalsiamu. Namba iliyo juu ya sifuri huelemea tindikali, na iliyo chini ya sifuri huelemea alkali. Jedwali hilo bado linatumika.

Kwa mujibu wa jedwali hilo, jibini ngumu aina ya cheddar iliyopunguzwa mafuta ina 26.4 na kiini cha yai 23.4. Nyama ya kuku ina 8.7, ya ng'ombe isiyo na mafuta 7.8, na karanga 8.3. Maziwa yanakaribia sifuri kabisa, yakiwa na 0.7, ingawa mara nyingi hutajwa kimakosa kuwa chakula cha tindikali. Upande wa pili, viazi mviringo vina -4.0, karoti -4.9, ndizi mbivu -5.5, nyanya -3.1, machungwa -2.7, spinachi -14.0 na zabibu kavu -21.0. Maji ya limau, yenye uchungu unaokunja uso, yana -2.5. Ladha ya ulimini haisemi chochote kuhusu kile kitakachofika kwenye figo. Hata hivyo, kabla ya kuteketezwa mwilini, limau hupita mdomoni likiwa bado tindikali kamili, na anayelinyonya kila siku huhatarisha utando mgumu wa meno yake.

Hesabu hiyohiyo ikitumika kwa vyakula vya hapa nyumbani, muhogo, viazi vitamu, ndizi za kupika na mchicha huangukia upande wa alkali. Unga wa mahindi huangukia upande wa tindikali kwa kiasi kidogo. Dagaa wakavu, kwa wingi wa protini na fosforasi, huongeza mzigo wa tindikali kwa kiasi kikubwa. Maharage yana protini nyingi lakini potasiamu yake ni nyingi pia, hivyo hukaribia katikati au kuelemea alkali. Sukari na mafuta ya kupikia karibu hayana mzigo wowote.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba jedwali hili si orodha ya vyakula vizuri na vibaya. Mchele usiokobolewa una 12.5 wakati mweupe una 4.6, na bado usiokobolewa una vitamini na nyuzinyuzi nyingi zaidi. Dona nayo, kwa hesabu hiyo, huelemea tindikali kuliko sembe, na hakuna mtaalamu wa lishe atakayemshauri mtu aache dona kwa sababu hiyo. Mtoto anayehitaji protini ili akue hapaswi kunyimwa dagaa au yai eti kwa kuogopa asidi. Zaidi ya hayo, watu hawali chakula kimojakimoja. Sahani ya ugali, dagaa na mchicha wa kutosha hukaribia kujisawazisha yenyewe. Mlo unaoelemea upande mmoja ni ule wa nyama choma na ugali bila mboga wala tunda, ukirudiwa siku nyingi.

Mahali ambapo mkojo una uzito wa kweli

Jambo la kwanza ambalo tindikali ya mkojo huliamua ni aina ya mawe yanayoweza kujengeka kwenye figo. Mkojo ukikaa chini ya pH 5.5 kwa muda mrefu, tindikali ya yuriki haiyeyuki vizuri na hujenga mawe. Mawe ya aina hii ni ya kipekee kwa kuwa yanaweza kuyeyushwa bila upasuaji. Daktari humpa mgonjwa sitreti ya potasiamu ili kuupandisha mkojo hadi karibu 6.5, na mawe hupungua yenyewe. Wagonjwa wa jongo, wenye uzito mkubwa na wenye kisukari cha aina ya pili wamo katika hatari zaidi ya kupata mawe hayo.

Lakini mkojo wa alkali nao una mawe yake. Fosfeti ya kalsiamu hujengeka mkojo unapokuwa wa alkali, na bakteria wa baadhi ya maambukizi ya njia ya mkojo huivunja yurea kuwa amonia, wakaufanya mkojo uwe wa alkali kupindukia na kujenga mawe makubwa yanayoweza kuijaza figo nzima. Mtu aliyejiwekea lengo la kuufanya mkojo wake uwe "wa alkali daima", bila kujua ana mawe ya aina gani, anaweza kutoka kwenye tatizo moja na kuingia kwenye jingine.

Mawe yanayoonekana zaidi ni ya oksaleti ya kalsiamu, na hayo hayategemei sana pH. Yanategemea wingi wa maji, chumvi, oksaleti na sitreti. Mchicha na spinachi, vinavyosifiwa kwa alkali yake, vina oksaleti nyingi. Aliyewahi kupata mawe ya aina hiyo huelekezwa kuvila kwa kiasi, kuvichemsha na kumwaga maji yake, na kutoacha maziwa, kwani kalsiamu ya chakula huifunga oksaleti tumboni isifike kwenye figo. Maji ya limau husaidia kwa kuongeza sitreti kwenye mkojo. Hata hivyo, hakuna chakula kinachoshinda maji ya kawaida. Anayepata mawe mara kwa mara hushauriwa kunywa kiasi cha kumwezesha kutoa mkojo usiopungua lita 2.5 kwa siku, na anayefanya kazi juani au kuishi kwenye joto la pwani huhitaji kunywa zaidi.

Jambo la pili ni ugonjwa sugu wa figo. Figo zikidhoofika hushindwa kutoa tindikali yote ya siku, bikaboneti hupungua, na hapo damu yenyewe huanza kuathirika. Kwa wagonjwa walio katika hatua za awali, utafiti umeonyesha kuwa kuongeza matunda na mboga kunaweza kupunguza mzigo huo. Kwa walio katika hatua za mwisho, na kwa wanaosafishwa damu, vyakula hivyohivyo huweza kuwa hatari, kwa sababu figo iliyoshindwa kutoa tindikali hushindwa pia kutoa potasiamu, na potasiamu ikizidi kwenye damu huweza kuusimamisha moyo ghafla. Ndizi, parachichi, nyanya, matunda yaliyokaushwa na madafu vimo katika orodha ya tahadhari kwa wagonjwa hao. Uamuzi wa kuongeza au kupunguza hutegemea kipimo cha damu, na hutolewa na kliniki inayomhudumia mgonjwa, si jirani aliyepona maradhi mengine.

Madai yasiyo na msingi

Dai kwamba saratani huishi kwenye tindikali na hufa kwenye alkali mara nyingi huhusishwa na Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani. Warburg alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1931 kwa kazi yake kuhusu kimeng'enya cha upumuaji wa seli. Tuzo hiyo haikutolewa kwa kugundua kwamba chakula cha alkali hutibu saratani, wala hakugundua jambo hilo. Ni kweli kwamba mazingira yanayouzunguka uvimbe wa saratani huwa na tindikali, lakini tindikali hiyo hutengenezwa na uvimbe wenyewe kwa namna unavyotumia sukari. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la BMJ Open hayakupata ushahidi wa kuunga mkono matumizi ya mlo au maji ya alkali kuzuia wala kutibu saratani.

Nchini Marekani, mwandishi Robert O. Young, ambaye vitabu vyake vilichangia sana kueneza nadharia hii, alitiwa hatiani jimboni California mwaka 2016 kwa kutibu watu bila leseni ya udaktari. Mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama mjini San Diego liliamuru amlipe mgonjwa wa saratani aliyemfuata fidia ya dola milioni 105.

Kwa wagonjwa wa kisukari hatari ni ya haraka zaidi. Insulini ikikosekana, mwili huteketeza mafuta kupita kiasi na kuzalisha tindikali nyingi kuliko figo na mapafu yanavyoweza kumudu. Hapo damu hushuka chini ya 7.3. Dalili zake ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kutapika, maumivu ya tumbo, pumzi nzito ya haraka yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva, na baadaye kuchanganyikiwa na kupoteza fahamu. Tindikali hii haikuletwa na nyama wala haiondolewi na matango. Mgonjwa mwenye dalili hizo anahitaji kufikishwa hospitalini saa hiyohiyo kwa ajili ya insulini na maji ya mshipa.

Kiungulia na vidonda vya tumbo ni habari nyingine, ingawa wananchi wengi huviita kwa jina lilelile la "asidi". Vidonda husababishwa zaidi na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyewapatia Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa za maumivu. Hutibiwa kwa dawa, si kwa kuupima mkojo.

Maji ya alkali yanaponywewa hukutana na tindikali ya tumbo na nguvu yake huisha hapo. Soda ya kupikia huweza kweli kuupandisha mkojo, lakini kijiko kimoja cha chai kina takriban miligramu 1,260 za sodiamu, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asifikie miligramu 2,000 kwa siku nzima. Kwa mwenye shinikizo la damu, moyo dhaifu au figo mbovu, kuinywa kila asubuhi ni kujiongezea ugonjwa. Madaktari huitumia bikaboneti kama dawa kwa baadhi ya wagonjwa wa figo, kwa kipimo na kwa kufuatilia damu.

Tanzania Bara, tangu mwaka 2019, ubora wa vyakula na vinywaji, yakiwemo maji ya chupa, husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), wakati dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Tiba asili na tiba mbadala zina baraza lake, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002. Mwananchi anayeuziwa kinywaji kinachodaiwa kutibu ugonjwa ana haki ya kuuliza kimesajiliwa wapi na kama nini, kabla ya kutoa fedha.

Kuusoma mkojo maabara

Kipimo cha kawaida cha mkojo hospitalini, kile cha kijiti chenye vipande vya rangi, huonyesha pH pamoja na protini, sukari, damu na dalili za maambukizi. Mkojo wa alfajiri kwa kawaida huwa na tindikali zaidi, na unaofuata mlo huelekea alkali kwa muda, hivyo namba moja ya siku moja haitoshi kuamua jambo. Asiyekula nyama huwa na mkojo wa juu kidogo, na aliyefunga au kutapika kwa muda mrefu hubadilika pia. Ni vyema kumweleza mhudumu mambo hayo pamoja na dawa zinazotumika. Sampuli ichukuliwe kwenye chombo safi na ifikishwe maabara ndani ya saa 2. Mkojo ulioachwa kwenye joto tangu asubuhi hadi mchana hugeuka kuwa wa alkali wenyewe, kwa sababu bakteria huivunja yurea iliyomo, na majibu yake hayatakuwa na uhusiano wowote na chakula alichokula mwenye mkojo huo.